Fenicha za Salem na Kitanda cha Bibi

Ukimtajia Mmarekani jina la Salem, neno la kwanza atakalokujibu ni wachawi. Wala hatanii. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa katika mji huu mdogo wa jimbo la Massachusetts kwa tuhuma za uchawi, na mpaka leo mji unaishi kwa jina hilo. Ikifika Oktoba, barabara zinafurika watu waliovaa kofia nyeusi zenye ncha, na hoteli hazishikiki kwa bei.

Lakini msomaji wangu, kama wewe na mwenzako mko kwenye ile hatua ya kujaza nyumba, yaani sofa gani, kitanda gani, hela itoke mfuko wa nani, waache wachawi na mambo yao. Nenda Mtaa wa Essex, namba 128. Pale ipo nyumba ya matofali mekundu, ghorofa tatu, imenyooka kama imekatwa kwa rula, na mlango wake una kibaraza kidogo cha nguzo nyeupe. Inaitwa Gardner-Pingree. Ilijengwa mwaka 1804 na 1805, na leo iko chini ya makumbusho ya Peabody Essex. Mimi na mume wangu tuliingia pale tukidhani tutamaliza kwa nusu saa. Tulitoka mchana umekwisha.

NYUMBA INAYOONGEA

Kitu cha kwanza kinachokushangaza ni rangi. Wengi tunadhani vitu vya kale lazima viwe vya kahawia na vumbi. Wapi! Matengenezo makubwa ya miaka ya 1980 yalirudisha rangi za wakati ule, na ni rangi kali kweli: karatasi za ukutani zenye maua, mazulia yanayopiga kelele, mapazia ya kitanda kama ya bibi harusi. Matajiri wa Salem walipenda kung'aa.

Cha pili ni fenicha zenyewe. Si zote zilikuwa mali ya mwenye nyumba wa kwanza, John Gardner. Makumbusho wamekusanya vitu vya Salem vya zama zake wakavipanga kama mtu wa mwanzoni mwa karne ya 19 angevipanga. Mtindo wake unaitwa Federal, ulioshamiri Marekani kati ya mwaka 1790 na 1820 hivi, nchi ilipokuwa changa na inajitafutia sura yake. Sahau yale masofa manene yanayomeza sebule nzima. Hapa miguu ya viti ni myembamba kama ya swala, mistari imenyooka, na nakshi zimewekwa kwa kipimo. Mbao ni mahogani, lakini ukichungulia ndani ya kabati unakuta msonobari mweupe wa kawaida. Mahogani imebandikwa juu kama ganda jembamba. Kumbe hata tajiri alikuwa anabana matumizi pale ambapo mgeni haoni!

Nyumba yenyewe ni kazi ya Samuel McIntire, seremala na mchonga nakshi aliyezaliwa Salem mwaka 1757 na kufariki mwaka 1811. Tazama fremu ya meko sebuleni: amechonga miganda ya ngano na vikapu vya matunda, vidogo, vimekaa kama vinataka kudondoka. Alama hizo hizo utazikuta kwenye migongo ya viti na sofa alizozichonga. Mara nyingi kiti hakikuwa cha fundi mmoja. Seremala alitengeneza umbo, mchonga nakshi akaweka maua yake, na fundi wa tatu akajaza singa za farasi na kuvika kitambaa. Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona mgawanyo huo huo wa kazi: mmoja anaranda mninga, mwingine anachonga, wa tatu anashona sofa pembeni ya barabara. Na kama mafundi wetu wanavyopakia makochi kwenye malori ya mikoani, ndivyo ndugu wawili wa Salem, Elijah na Jacob Sanderson, walivyopakia madawati na meza melini. Nahodha aliziuza bandari yoyote aliyofika, kisha akarudi na hesabu.

Wenye vyumba vidogo, hili lenu. Zamani hizo viti havikukaa katikati ya sebule. Vilipangwa ukutani, vikavutwa wageni wakija, vikarudishwa wakiondoka. Meza za kuchezea karata zilitengenezwa mbili mbili, kila moja ikikunjwa ikawa nusu mwezi na kuegemezwa ukutani. Ukitaka nafasi unayo, ukitaka meza unayo. Miaka mia mbili iliyopita walishalitatua tatizo la sebule yako ya Sinza.

TALAKA NA KABATI LA DOLA 80

Nakuja kwenye kile ninachojua ndicho unachosubiri: mapenzi.

Mji ule ulikuwa na tajiri wa meli aliyeitwa Elias Hasket Derby, na binti yake mkubwa, Elizabeth, aliolewa na Nathaniel West, nahodha ambaye baba mkwe hakumtaka. Wakajenga nyumba nje kidogo ya mji, wakaiita Oak Hill, wakaijaza fenicha ambazo leo zinahesabiwa miongoni mwa nzuri kuliko zote za Marekani ya wakati ule, nyingine zikiwa na nakshi za McIntire mwenyewe. Mle ndani kulikuwa na kila kitu isipokuwa amani. Mwaka 1806 waliachana mahakamani, kwa kesi iliyotoa siri za bwana nje na kuuacha mji mzima ukisimuliana. Bibi huyo akabaki na nyumba, na akarudia jina la kwao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1809, aliagiza kabati kutoka kwa fundi Thomas Seymour wa Boston. Si kabati la mchezo. Lina umbo la nusu duara, mistari ya mbao za rangi tofauti inasambaa kutoka katikati kama miale ya jua, na juu msanii John Ritto Penniman alichora makombe ya baharini. Kabati lilimgharimu dola 80, na michoro ya makombe ikawa dola 10 juu yake. Leo lipo kwenye Jumba la Sanaa la Boston, pamoja na vyumba vilivyohamishwa kutoka Oak Hill. Tulikwenda kuliona kesho yake.

Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mwanamke wa mwaka 1809, ameachika hadharani, baba hayupo, mji unamsema, anaagiza kitu kizuri kiasi kile kwa hela yake na kwa jina lake. Mwingine atasema ni jeuri. Mimi niliona mtu anayeanza upya na kutaka chumba chake kiseme hivyo. Mume wangu yeye aliona jambo jingine. "Walikuwa na vitu vyote vile walipokuwa pamoja," aliniambia, "na havikuwashikilia hata siku moja." Wote wawili tulikuwa na hoja, na tulibishana mpaka kituo cha treni.

KITANDA CHA KAPTENI

Turudi namba 128. Gardner hakukaa sana. Biashara ya baharini iliyumba, na mwaka 1811 akaiuza nyumba kwa nani? Kwa Nathaniel West yule yule aliyeachwa! West naye akaiuza mwaka 1814 kwa Kapteni Joseph White, mzee tajiri asiye na mtoto, ambaye mali yake ilitokana na meli, na sehemu yake ilitokana na biashara ya watumwa.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1830, White akiwa na umri wa miaka 82, mtu aliingia kwa dirisha ambalo liliachwa wazi makusudi, akapanda ngazi, akamuua mzee kitandani kwake. Muuaji, Richard Crowninshield, alikuwa amekodiwa. Nyuma yake walikuwa ndugu wawili wa familia ya Knapp, na mmoja wao, Joseph, alikuwa ameoa binti wa mpwa wa mzee, mpwa aliyekuwa akimtunzia nyumba. Hesabu yao ilikuwa hivi: mzee akifa bila wosia, mama mkwe atapata fungu nono. Joseph akaiba wosia kabisa. Kumbe aliouiba haukuwa wa mwisho. Crowninshield alijinyonga gerezani, na ndugu wawili wakanyongwa mwaka ule ule, baada ya mwanasheria maarufu Daniel Webster kusimama upande wa mashtaka.

Ukisimama mlangoni mwa chumba cha kulala, ukaona kitanda cha nguzo nne na mapazia yake meupe, mwili unasisimka. Kitanda kizuri, shuka safi, na mtu aliuawa kwenye chumba kama kile kwa sababu ya mali na ndugu walioshindwa kusubiri.

HARUFU YA ZANZIBAR

Hapa ndipo safari yetu ilipobadilika. Mwaka 1834 nyumba ilinunuliwa na mfanyabiashara David Pingree, na familia yake ikakaa nayo mpaka ilipotolewa kwa makumbusho mwaka 1933. Sasa sikiliza: Pingree alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa Salem waliopeleka meli Zanzibar.

Ndiyo, Zanzibar yetu. Meli za Salem zilianza kufika Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akafungua ofisi Unguja. Alikuwa mtu wa Salem, Richard Waters. Kitambaa cha pamba walichokileta kutoka viwanda vya Massachusetts kilishika soko mpaka kikaacha jina lake kwenye lugha yetu. Ulishajiuliza kwa nini bibi yako anaita kitambaa kile merikani? Basi ndiyo hiyo.

Na walipoondoka, walibeba nini? Pembe za ndovu, ambazo miaka ya baadaye nyingi ziliishia kwenye viwanda vya Connecticut na kukatwa vitufe vya piano na vitana. Walibeba pia sandarusi. Hii ni utomvu wa miti ya kale sana, uliozama ardhini ukagandamana, na watu wa pwani ya bara waliuchimba kwa majembe. Salem palikuwa na kiwanda cha kuisafisha. Sandarusi ikiyeyushwa, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, inakuwa vanishi ngumu, inayong'aa, isiyokwaruzika ovyo. Magari ya farasi yalipakwa hiyo, na fenicha pia.

Kwa hiyo ukiona meza ya Kimarekani ya katikati ya karne ya 19 inang'aa kama kioo, huenda mng'ao ule ulichimbwa kwenye udongo wa Bagamoyo. Na ukiona piano ya miaka hiyo, jua kwamba kabla pembe haijawa muziki, ilikuwa mzigo kichwani au begani mwa mtu aliyetembea wiki na wiki kutoka bara mpaka pwani, na wengi waliofanya safari hizo hawakuwa huru. Mahogani nayo ilikatwa misituni huko Karibi na Honduras kwa mikono ya watumwa. Pale ndani sikuona tena chumba kizuri tu. Niliona na wale ambao hawakuwahi kukalia kiti hata kimoja.

Dada aliyekuwa akitutembeza alimuuliza mume wangu anatoka wapi. Alipojibu "Zanzibar", dada akatabasamu na kusema, "Basi umekuja kukagua mali yenu." Tulicheka wote, lakini mwenzangu alinyamaza muda mrefu baada ya hapo. Nilijua anawaza nini.

KITANDA CHETU SISI

Bibi yake mume wangu alipofariki, aliacha nyumba Mji Mkongwe na ndani yake samadari, kile kitanda kirefu cha nguzo zilizokerezwa, chenye vioo vya rangi ubavuni. Watoto wake wote wanne walizaliwa juu yake. Sasa mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa amekuja na shilingi milioni tatu taslimu, anakitaka akakiuze hotelini. Binamu wengi waliona sawa: kiuzwe, kila mtu ale fungu lake. Mimi mwenyewe, nisifiche, nilikuwa nimeshachagua seti mpya ya chumba cha kulala, kitanda, makabati mawili na dresing tebo, na tulikuwa tunadunduliza kwa mwezi wa nane sasa.

Kwenye treni ya kurudi Boston alimpigia simu shangazi yake mkubwa, ambaye ndiye anayeshika funguo za nyumba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko kwenye baridi mnaendeleaje?"

Akamweleza. Kwamba tumeona vitanda vimewekewa kamba watu wasiviguse, na vina majina ya waliovitengeneza na waliovinunua, na kwamba mabaharia wa mji ule walifika mpaka Unguja. Kwamba kitanda cha bibi kisiuzwe.

Shangazi akamwacha amalize. Kisha akasema, "Mwanangu, mapenzi hayafuti mirathi. Kile kitanda ni mali ya warithi, na kila mtu ana haki yake. Ukikitaka, kithaminiwe, uwalipe wenzako mafungu yao, uchukue kwa uhalali. Ukisema tukiache tu kwa sababu unakipenda, utakuwa umewadhulumu. Na kitanda chenye dhuluma hakilaliki."

Alipokata simu, mume wangu alinitazama bila kusema kitu. Hakuhitaji kusema. Hela ya kuwalipa warithi ilikuwa moja tu, nayo ni ile ya seti yangu.

Nilimwomba siku mbili. Si kwamba nilikuwa nafikiria kitanda. Nilikuwa nafikiria miezi minane ya kubeba chakula kutoka nyumbani kwenda kazini. Siku ya pili nilimwambia: tununue, lakini kwa masharti. Risiti iandikwe majina yetu wote wawili. Godoro liwe jipya. Na makabati yangu yaje mwaka unaofuata, bila mjadala. Alikubali, akaandika kwenye simu yake mbele yangu.

Kitanda kilivuka na boti, kikapanda ngazi zetu kwa vipande, na fundi alikesha akikiunganisha. Kinalia kidogo ukigeuka. Makabati yalikuja mwaka uliofuata, kama alivyoahidi, kutoka Keko.

MKITAKA KWENDA

Salem iko kaskazini mwa Boston, kama nusu saa kwa treni kutoka stesheni ya North Station. Kutoka kituoni unatembea kwa miguu mpaka makumbusho ya Peabody Essex. Nyumba za kihistoria hazifunguliwi kila siku, hivyo uliza makumbusho kabla hujapanga safari. Kama hampendi msongamano, epukeni Oktoba. Mwezi wa tano au wa tisa hali ya hewa ni nzuri. Vaeni viatu vya kutembelea, maana mkitoka hapo mtataka kushuka mpaka bandarini, kwenye gati la Derby, mkaone zilipofungwa meli zilizokwenda mbali. Na mkilala Boston, msikose Jumba la Sanaa na lile kabati la nusu duara.

Nendeni wawili, kama mnaweza. Mwenzako atakachokiangalia kwa muda mrefu ndani ya nyumba ya watu kitakuonyesha anaitaka nyumba yenu iweje, na hapo mtakuwa na la kuzungumza kabla hela haijatoka.

Jambo moja la mwisho, tulilofundishwa pale. Ukitaka kujua kama fenicha ni ya kale kweli, usiangalie mbele, kwani mbele kila fundi anapamba. Vuta droo uigeuze. Kwenye kazi ya mkono, yale meno yanayoshikanisha pembe hayalingani sawasawa, na chini ubao una alama za randa unazoweza kuzihisi kwa kidole. Jaribu kwenye kabati la nyanya yako wikiendi hii, na ukiwa umeinama pale, muulize nani alilitengeneza na nani alilipa. Muulize sasa, angali yupo wa kukujibu.